Namba ya Baba Mujibu

Kitangari, Newala
20 Februari 2023

Mdogo wangu Tahiri, Baba Shamila,

Najua umeniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha, kwa hiyo marahaba. Mimi mzima, ila magoti, na magoti ya mtu wa miaka sitini na tisa si habari. Mvua huku haijatunyima, mapipa yamejaa, wiki ya pili hii sijaenda kuchota maji. Mihogo imeshika. Jirani yangu Pili anakusalimia, na bado anasema ile suruali uliyomshonea mumewe ilikuwa fupi. Kaburi la shemeji yako nimelipalilia juzi. Nyasi za masika hazina adabu.

Utashangaa dada yako kukuandikia kama enzi za elimu ya watu wazima. Simu yangu imekufa. Si kifaa, kifaa kinawaka, tochi yake naendea chooni. Kilichokufa ni laini. Unajua ilikuwa ya marehemu, kwa jina lake na vidole vyake. Mwezi huu laini zimehakikiwa, na ile imefungwa. Ndiyo maana hujasikia mlio wangu wa asubuhi. Miaka mingapi tumebipiana alfajiri, mimi mara moja, wewe mara moja, tukajua wote wawili tumeamka? Sasa naamka peke yangu.

Nilikwenda Newala mjini kwa dada mmoja anayesajili laini chini ya mwavuli. Mpole sana. Akasema, bibi, namba hii tunaihamishia kwako, weka kidole. Nikaweka, kimashine kikakataa. Tukajaribu vyote kumi. Akanifuta kwa kitambaa, akanipaka mafuta, akanishika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika. Mwishowe akanigeuza viganja juani, akaniuliza, "Bibi, mikono hii uliifanyia nini?"

Nikamwambia nimebangua korosho tangu nina miaka saba. Wewe unajua, maana bibi yetu alituketisha sote kwenye maganda, wewe ukakimbilia cherehani, mimi nikabaki. Maji ya ganda yamenila vidole mpaka vimekuwa laini, na kwa ajili ya vidole laini sina laini. Yule dada alicheka kidogo, kisha akasema kwa huruma, "Mashine haikuoni, bibi." Nimerudi nalo neno hilo mpaka nyumbani.

Sasa sikia. Mwanangu Mujibu kule Msumbiji hana namba nyingine kichwani ila ile ya baba yake. Kila mwaka hupiga siku moja tu, Idi ya kuchinja, kwa simu ya kuazima. Hajui kama baba yake tulimzika Novemba. Namba ikikaa miezi mitatu imefungwa hupewa mtu mwingine, ndivyo yule dada alivyoniambia. Vidole vyako vinasomeka. Naomba uiandikishe kwa jina lako, uniletee, niwe nayo Idi ikifika. Sikuombi kingine mwaka huu.

Barua nampa Anderson, yule konda wa basi la Masasi. Yeye anakujua, ulimshonea sare.

Dada yako,
Ziada binti Awadhi


Masasi
3 Machi 2023

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Anderson aliniletea mpaka dukani, nikaisoma mara mbili huku mteja amesimama na kitambaa chake mkononi. Mimi nashukuru Mungu. Presha inapanda na kushuka. Joto la hapa chini ya milima unalijua, mawe yanashika jua mchana kutwa na kuturudishia usiku. Cherehani bado inakwenda ingawa siku hizi watu hununua nguo zilizokwisha kushonwa.

Shamila amenitumia simu ya kupangusa kutoka Dodoma na kuniingiza kwenye kundi la ukoo. Humo tumo watu arobaini. Kila asubuhi naletewa maua, vikombe vya chai na "asubuhi njema", simu inatetemeka mpaka inakaribia kuanguka mezani. Katika hao arobaini hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Mlio wako ulikuwa mmoja na ulinitosha. Tangu mke wangu aondoke, ndio uliokuwa unanitoa kitandani.

Kuhusu laini, nimpe Anderson jibu gani zaidi ya kwamba ulete hiyo kadi? Nitaishughulikia. Usijisumbue kwenda mjini tena kwa magoti hayo.

Nduguyo,
Tahiri Awadhi


Kitangari
11 Machi 2023

Baba Shamila,

Marahaba, tena mara mbili, moja ya wiki ijayo. Kadi ndiyo hii. Nimeifunga kwenye kipande cha kanga yangu ya eda, nikaweka fundo, maana ni ndogo kama ukucha na nyumba yako haijafagiwa tangu wifi afariki. Usibishe.

Nimefurahi umekubali. Nimeona pia kwamba barua nzima hukumtaja Mujibu. Najua mlikuwa hamuelewani siku za mwisho, ingawa sikuambiwa kisa, lakini mpwa ni mpwa. Akipiga nitamfikishia salamu zako.

Mwezi wa Ramadhani unaingia. Marehemu ndiye aliyekuwa ananiamsha daku, kwa kukohoa. Mwaka huu nitatega ile simu iliyokufa, bado inaweza kulia saa. Itaniamsha, nitakula peke yangu, nitaizima. Kwa hiyo haijafa yote.

Hesabu mwenyewe: kufika katikati ya Mei miezi mitatu imetimia.

Dada yako,
Ziada


Masasi
30 Aprili 2023

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kabla ya Idi kazi zilikuwa nyingi, kanzu za watoto, na baada ya Idi presha ikanilaza siku nne.

Kwa jambo lako, nilikwenda mara ya kwanza nikakuta foleni imezunguka jengo. Mara ya pili mtandao ulikuwa chini. Mara ya tatu foleni tena, nikashindwa kusimama juani. Lakini usiwe na wasiwasi, kawia ufike. Nitakwenda.

Siku ya Idi nilikula kwa jirani. Kwenye kundi walinitumia picha za pilau kutoka mikoa sita. Nilizitazama zote.

Nduguyo,
Tahiri


Kitangari
6 Mei 2023

Baba Shamila,

Marahaba. Pole na presha.

Kawia ufike ni ya mtu aliyekwisha kuondoka. Mimi ninayoijua ni ngoja ngoja huumiza matumbo. Zimebaki siku tisa au kumi. Kama miguu imekataa, mpe Anderson ile kadi airudishe. Hapa kuna mtoto wa Mzee Gasper ana vidole vyake vizuri, amekubali kuiandikisha kwa jina lake. Sitakununia. Irudishe tu.

Ziada


Kitangari
2 Julai 2023

Tahiri mdogo wangu,

Marahaba, kama bado unaniamkia. Hujajibu barua ya Mei. Anderson anasema alikupa mkononi na ukaiweka mfukoni.

Idi imepita. Nilichinjiwa jogoo, nikampelekea Pili nusu, kwa kuwa jogoo mzima kwa mtu mmoja ni dhihaka. Tangu juzi yake nilikuwa nimeipeleka simu kwa Gasper kuchaji kwenye sola. Najua, Tahiri. Najua simu isiyo na laini hailii. Kichwa kinajua, mkono una ukaidi wake. Nilivaa, nikakaa barazani nayo mapajani, imejaa chaji mpaka juu.

Mwaka jana wakati kama huo marehemu alipokea, wakaongea mambo ya mvua, kisha akanipa. Sikuzote alikaa karibu yangu nikiongea na mwanangu, sikio lake limegusana na langu, mpaka nikawa namsukuma kwa kiwiko. Dakika tatu, nne, salio la watu likaisha. Mujibu alisema, "Mama, mwakani." Basi hii ndiyo mwakani.

Kuchwa kwa jua Pili alikuja akaniuliza kama nitatumia simu yake kumpigia mtu. Nimpigie nani, na Mujibu hana namba? Isitoshe Pili hakuachi peke yako na simu yake. Hukaa hapohapo, midomo yake inatembea pamoja na yako. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Karatasi haina masikio.

Nina upweke, mdogo wangu. Nalisema mara moja hapa, sitalirudia.

Niambie namba imefikia wapi.

Ziada


Masasi
20 Julai 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekuwa naanza barua hii na kuichana. Hali yangu si mbaya. Mvua hakuna, vumbi ndilo linalonishughulisha, navifunika vitambaa kutwa.

Namba imekwenda, Dada. Muda umepita na wamempa mtu mwingine. Nilijitahidi, foleni zikanishinda. Nisamehe. Nitakununulia laini mpya kwa jina langu, na Shamila amesema atakutafutia simu nzuri, uwe unaona na sura za watu. Utaingia na wewe kwenye kundi.

Nduguyo,
Tahiri


Kitangari
14 Agosti 2023

Baba Shamila,

Marahaba. Mikorosho imeanza kutoa maua, na Gasper anapuliza salfa, kijiji kizima kinakohoa. Magoti yana afadhali.

Simu ya sura za watu sitaki. Sura ninayoitaka haimo humo.

Uliponiandikia kwamba namba ana mtu mwingine, nilikaa nalo siku kumi. Kisha nikajiambia, kama ana mtu, basi mtu huyo anapokea. Nikaenda kwa Pili nikamwomba simu, nikamwomba pia atoke nje. Alitoka, akasimama dirishani. Nikabonyeza namba ya mume wangu kwa kidole hikihiki kisicho na alama. Ikaita. Tahiri, usiombe kusikia namba ya maiti wako inaita.

Akapokea mwanamke. Anaitwa Dominika, yuko Tandahimba, mkulima kama sisi. Mwanzoni alikuwa mkali, akaniuliza nataka nini, na kama ni habari za hela niwaambie wenzangu wamekosea mtu. Nikamwambia mimi ni mjane wa mwenye namba hiyo. Sauti yake ikashuka. Akasema laini hiyo aliinunua wiki ya kwanza ya Juni.

Nikamuuliza kama siku ya Idi ya kuchinja kuna mtu alipiga.

Akasema, "Alipiga mwanaume. Akasema shikamoo mama, baba hajambo?"

Nikamuuliza alimjibu nini. Akaniambia siku hizi ukiamkiwa na mtu usiyemjua kwenye simu, neno la pili ni hela, na mwezi ule ule dada yake aliliwa hivyo hivyo, kwa shikamoo. Kwa hiyo hakumwitikia. Alimwambia amekosea namba. Yule kijana akauliza kama hiyo si namba ya Mzee Husseni. Akamwambia simjui. Anasema alimsikia anapumua, muda mrefu kidogo, kisha akakata. Hajapiga tena. Simu ya Dominika ni ya tochi kama yangu, inaweka namba chache tu za mwisho, na ile ilishadondoka.

Alilia yule mama. Ikabidi mimi nimbembeleze.

Kwa hiyo mwanangu alipiga. Alikumbuka. Na sasa anajua tu kwamba namba ya baba yake ina mwanamke asiyemjua baba yake. Sijui ameelewa nini. Huenda ameelewa tumekufa wote.

Nina swali moja, Tahiri. Nilipita tena kwa yule dada wa laini pale Newala, nikamweleza habari za foleni za Masasi. Aliniangalia. Akasema mwezi wa nne na wa tano hapakuwa na foleni popote, watu wote walikwisha kuhakiki, yeye mwenyewe alikuwa anasinzia chini ya mwavuli wake. Niambie, kadi yangu iko wapi?

Ziada


Masasi
9 Septemba 2023

SHIKAMOO DADA.

Kadi hii hapa. Utaona fundo ni lako, sikulifungua. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani tangu Machi, pamoja na vifungo. Sikwenda kusajili hata siku moja. Hakukuwa na foleni.

Mwaka 2017, ulipokuwa Mtwara unamuuguza shangazi, nilikuja Kitangari. Nilikuwa nimekwisha kutangaza hapa mjini kwamba Shamila anaolewa na mtoto wa dada yangu, kama walivyofanya wazee wetu. Nguo ya harusi nilikuwa nimeishona mwenyewe. Mujibu aliniambia mbele ya baba yake, kwa adabu, amekaa chini kabisa, "Mjomba, Shamila mimi namwona dada yangu. Siwezi." Damu ikanipanda. Nilifikiria watu wa Masasi watanicheka. Nikamwambia maneno ambayo mjomba hamwambii mpwa. Nikamwambia, "Usikanyage Kitangari mpaka siku ya kuja kunizika." Asubuhi yake akavuka mto, akaingia Msumbiji. Hakufuata kazi, Dada. Alifuata neno langu.

Shemeji alinifichia. Aliniambia, "Ziada akijua atabaki bila mtoto na bila ndugu. Acha abaki na mmoja." Ndiyo maana alikuwa anakaa karibu kwenye simu. Alikuwa anamzuia kijana asiteleze akasema. Sasa yeye hayupo, na mimi nikajua Idi ikifika hakuna wa kuzuia, utamuuliza Mujibu kwa nini harudi, naye atakwambia. Nikaiacha namba ife. Kila siku nilisema kesho nitakwenda, na kila nilipofungua ile droo niliona kanga yako nikaifunga droo.

Shamila nilimhadithia mwezi huu. Alicheka kwanza, akasema hata yeye hakumtaka Mujibu, mbona hakuulizwa. Kisha akaacha kucheka, na tangu siku hiyo hapigi.

Sikuwa na nia ya kukunyima mtoto. Nilikuwa naogopa kukupoteza wewe. Nimeandika hivyo na nikisoma naona ni maneno ya mtu anayejipenda. Nifanye nini, Dada? Sema, nitafanya.

Tahiri


Kitangari
1 Oktoba 2023

Tahiri,

Korosho zimeanza kudondoka. Mabibo yamejaa chini, nzi nao. Pili amepata mjukuu wa kike. Magoti ni yaleyale.

Barua yako niliisoma barazani, kisha nikaisoma kaburini, kwa sauti, ili na mwenzako aliyenifichia asikie kwamba nimejua. Nimemlaumu sana pale. Yeye amekufa na simu mkononi mwake akinilinda, na ulinzi huo ndio umeniachia nyumba tupu. Kwa wiki mbili sikushika kalamu.

Umeuliza ufanye nini. Neno la mjomba huondolewa na mdomo wa mjomba. Chukua hiyo simu yako ya kupangusa, sema humo kwa sauti yako, si kwa maandishi, maana Mujibu anaijua sauti yako. Sema ulichokisema 2017, sema umekifuta, sema baba yake amefariki na mama yake yuko hai Kitangari. Kisha iingize kwenye hilo kundi lenu la watu arobaini. Waache maua siku moja. Kila mmoja ampelekee anayemjua ng'ambo ya Ruvuma, na huyo ampelekee mwingine. Najua watakusikia wote. Ndivyo ninavyotaka.

Mimi na Dominika tumeelewana. Alikuja mwenyewe kutoka Tandahimba, Jumapili baada ya kanisa, na kilo mbili za mchele. Alitaka anirudishie laini. Tukaenda pamoja kwa dada wa mwavuli, nikaweka vidole tena, vyote kumi, na mashine ikakataa tena. Nikamwambia Dominika aendelee nayo, ila kwa sharti moja. Ikiita namba asiyoijua, asiseme haloo, wala asiulize nani. Aseme marahaba mwanangu, kwanza, hata kama ni tapeli. Ameapa. Tumejaribu kwa simu ya Pili mara tatu, na mara zote aliitika vizuri, mara ya tatu ikabidi nikate haraka. Nimemwandikia kwenye karatasi namba ya Pili, aisome kwa Mujibu polepole. Mwenyewe sasa nimeacha kumfukuza Pili. Na asikilize tu.

Usinitumie laini mpya. Usininunulie kitu.

Shikamoo yako nimeiona pale juu ya barua, umeiandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Sijaiitikia. Mwanangu naye aliamkia siku ya Idi, na mpaka leo hajaitikiwa. Yake ilitangulia. Yako ikae nyuma yake isubiri. Safari hii foleni ipo.

Ziada binti Awadhi